Semina ya siku tatu haitoi mwandishi wa uchunguzi

Kila mwaka ifikapo Aprili, ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) zinawekwa mezani bungeni Dodoma, na kila mwaka mambo yanakwenda vilevile. Jioni redio zote zinasoma bilioni zilezile. Kesho yake magazeti yanatoka na kichwa kimoja chenye maneno yaliyogeuzwa kidogo: CAG aanika madudu, CAG aibua madudu, madudu zaidi yafichuka. Mitandaoni watu wanatengeneza vichekesho. Wiki mbili baadaye tumeshahamia kwenye dabi ya Kariakoo, na mamia ya kurasa za ripoti ya serikali za mitaa yanabaki kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi bila mtu kuyagusa. Humo ndani mna majina ya halmashauri, majina ya miradi, kiasi cha fedha, na hoja ambazo mkaguzi aliuliza akajibiwa nusunusu.

Mimi nafundisha waandishi wa habari. Niliripoti kwa miaka mingi, na sasa naalikwa kwenye klabu za waandishi mikoani, redio za jamii, na mara mojamoja kwenye vyumba vya habari vya Dar es Salaam. Nina msimamo ambao umenifanya baadhi ya waandaaji wasinialike tena: uchunguzi haufundishwi kwa semina. Unafundishwa kwa stori moja ya kweli, inayofuatiliwa mpaka itoke hewani au gazetini, huku mhariri wa mwandishi akiwemo ndani ya mafunzo tangu siku ya kwanza. Kinachobaki nje ya hapo ni posho, cheti na picha ya pamoja mbele ya bango.

Ukitangaza mafunzo ya habari za uchunguzi, vijana wanakuja na picha yao kichwani. Kamera iliyofichwa kwenye kifungo cha shati. Sauti nzito ya msimulizi. Muziki wa kutisha, gari linalofuatwa usiku. Siwalaumu sana. Kipindi cha Jicho Pevu cha runinga ya KTN kule Kenya kilituonyesha kwamba uchunguzi unaweza kufanywa kwa Kiswahili, na familia nzima ikakaa sebuleni kuutazama mpaka mwisho, jambo ambalo wahariri wengi hapa kwetu walikuwa wakisema haliwezekani. Shida ni kwamba vijana wanaiga sauti ya Mohammed Ali, mwandishi wa kipindi hicho. Mafaili aliyokuwa akiyapekua kabla ya kuingia studio hawayaigi, kwa sababu mafaili hayaonekani kwenye runinga.

Kwa hiyo mjadala wa kamera ya siri naumaliza asubuhi na mapema, kwa mfano wa Vicky Ntetema. Mwaka 2008 alikuwa mkuu wa ofisi ya BBC Dar es Salaam. Alikwenda Kanda ya Ziwa akijifanya mfanyabiashara anayetafuta utajiri, akakaa mbele ya waganga waliokuwa tayari kumuuzia dawa iliyotengenezwa kwa viungo vya watu wenye ualbino. Ile kazi iliiamsha dunia. Baada yake alitishiwa maisha na kulazimika kujificha. Huyo alikuwa mtu mzima katika taaluma, mwenye shirika kubwa nyuma yake, mwenye wahariri waliojua alipo kila saa, na hakukuwa na njia nyingine ya kuyapata maneno yale kutoka kwenye vinywa vile. Nawauliza washiriki: wewe unayetaka kumrekodi kwa siri mganga mfawidhi wa zahanati, umeshamwomba daftari la dawa akakataa? Umeshawauliza wagonjwa? Mhariri wako anajua uko wapi? Kwa kawaida darasa linanyamaza, kisha mtu anauliza chai ni saa ngapi.

Baada ya chai tunafungua ripoti ya CAG. Nawapa ya serikali za mitaa, si ya Serikali Kuu, kwa kuwa halmashauri ni mahali ambapo mwandishi wa mkoani anaweza kufika kwa bodaboda. Na nawaanzishia kwenye viambatisho vya mwisho, kwenye majedwali, kurasa ambazo wengi hawajawahi kuzifikia.

Kwanza tunalazimika kufuta uelewa mmoja uliokaa vichwani. Mkaguzi anatoa hati: inayoridhisha, yenye shaka, isiyoridhisha, au anashindwa kutoa maoni kabisa. Waandishi wengi, na madiwani wengi zaidi, wanaamini halmashauri yenye hati inayoridhisha haina wizi. Mkurugenzi akipata "hati safi" anapiga ngoma, redio inamhoji, mambo yameisha. Lakini ile hati inazungumzia taarifa za fedha: kwamba zimeandaliwa kwa kufuata viwango na hazina makosa makubwa ya kupotosha. Halmashauri inaweza kupata hati inayoridhisha na ndani ya ripoti hiyohiyo ikawa na malipo yasiyo na viambatisho, vifaa vilivyolipiwa na havikupokelewa, masurufu, yaani fedha anazotangulizwa mtumishi kwa ajili ya kazi, ambayo hayajarejeshwa. Nikishalieleza hili, utaona mtu anarudi kimyakimya kutafuta halmashauri yake ambayo mwaka jana aliiandikia habari ya pongezi.

Halafu nawaambia wachague mstari mmoja. Si ukurasa, mstari. Shule fulani, zahanati fulani, kiasi fulani. CAG ameshachimba kisima, kazi ya mwandishi ni kushusha ndoo. Mkaguzi hupitia sampuli, huangalia nyaraka, hutembelea baadhi ya miradi, kisha anaondoka. Yeye hamtaji mwenye kampuni. Hamhoji mama anayebeba mtoto kilomita kadhaa kwa sababu zahanati imeishia kwenye lenta. Nafasi hiyo ameachiwa mwandishi, na mwandishi hajaitumia.

Sehemu inayochukua muda mrefu kuliko zote ni kuandika sentensi moja. Washiriki wanaanza na sentensi ya aina hii: "Kuna ufisadi mkubwa katika ujenzi wa madarasa wilayani kwetu." Nawarudishia. Sentensi hiyo huwezi kuipima, huwezi kuikanusha, na ukiiandika hivyo wakili wa halmashauri atakula sikukuu kwa gharama yako. Wanaandika tena, nawarudishia tena. Kuna dada mmoja wa redio ya jamii, mkoa siutaji, ambaye baada ya kurudishiwa mpaka akaanza kukasirika aliniletea hii: "Madarasa mawili ya shule ya msingi kijijini kwetu yameezekwa kwa bati za geji 30, wakati makadirio ya ujenzi yanataka geji 28, na fedha ya tofauti haikurudishwa kwenye akaunti ya shule."

Hiyo sasa ni nadharia tete. Inaweza kuwa ya uongo, na uzuri wake uko hapohapo. Ukiikata vipande inakupa orodha ya kazi yenyewe. Bati ni za geji gani? Hilo linajibiwa juu ya paa. Makadirio yanasema nini? Hilo liko kwenye jedwali la gharama, ambalo nakala yake inapaswa kuwepo shuleni. Bei zilikuwaje mwezi ule? Maduka ya vifaa mjini yanajua. Akaunti ya shule inasomekaje? Kuna taarifa ya benki. Na nani alipokea mzigo?

Swali hilo la mwisho ndilo linalowafungua macho, kwa sababu shule nyingi miaka hii zinajengwa kwa fosi akaunti. Fedha inaingia kwenye akaunti ya shule, na pale kijijini zinaundwa kamati: ya ujenzi, ya manunuzi, ya mapokezi. Wajumbe ni wanakijiji wenyewe pamoja na walimu. Maana yake saini ziko kijijini. Watu waliosimama kuhesabu mifuko ya saruji ni jirani wa mwandishi. Stori ambayo ukiitafuta makao makuu ya wilaya utaambiwa "njoo Jumatatu" kwa miezi mitatu, kijijini inakaa kwenye faili la kijani ndani ya kabati la mwalimu mkuu.

Nilikwenda na yule dada wa redio kijijini, nikakaa pembeni. Mtendaji wa kijiji alikuwa mzee wa makamo mwenye ofisi safi na ubao wa matangazo wenye karatasi zilizopauka. Dada akaingia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti. Umetumwa na nani?"

Kila ukienda kijijini utakutana na swali hilo, na mwandishi mchanga hulijibu vibaya. Akisema "sijatumwa," haaminiki. Akisema "nafuatilia ubadhirifu," faili linafungwa, na kabla hajafika barabarani simu imeshapigwa wilayani. Yeye alijibu, "Nimetoka redioni, mzee. Nimesikia madarasa yenu yalimalizika kwa wakati wakati wenzenu walikwama. Nataka kuelewa mlifanyaje." Hakuwa amedanganya hata neno moja. Madarasa yalimalizika kwa wakati kweli, na kijiji kilijisifia hilo. Mzee akanyanyuka mwenyewe kwenda kumwita mwenyekiti wa kamati ya mapokezi.

Mwenyekiti alikuja na daftari la kaunta. Si fomu ya serikali, daftari la kaunta la kawaida, lenye tarehe, namba ya gari, idadi ya bati na saini ya dereva. Na kwenye safu ya maelezo, kwa kalamu nyekundu, alikuwa ameandika: "geji 30, tumeambiwa tupokee." Alipoulizwa nani aliwaambia, alicheka, akamtazama mtendaji, akasema hilo swali linafaa kuulizwa huko juu.

Tukapanda paani na fundi asiye wa mradi ule, tuliyekuja naye. Kwenye geji namba ikipanda bati linazidi kuwa jembamba, kwa hiyo 30 ni nyembamba kuliko 28. Fundi mzoefu anaijua kwa kulishika ukingo, lakini mkono wa fundi hauwezi kupeleka habari hewani. Alitafuta chapa ya kiwanda upande wa chini wa bati, akaiona, ikapigwa picha karibu na kwa mbali, paa zima likionekana ili asije mtu akasema hiyo ni bati ya nyumba nyingine. Hayo yalichukua asubuhi nzima kwa mstari mmoja wa habari. Wapo washiriki waliosikia hadithi hii wakaniambia kwamba kwa muda huo wangekuwa wameshapeleka stori nne za mkuu wa wilaya. Ni kweli, wangekuwa wameshapeleka.

Utaratibu wa mahojiano nafundisha hivi: anza mbali, malizia katikati. Anza na wasio na cha kupoteza, kama wazazi, mafundi, wenye maduka ya vifaa, mwalimu aliyehamishwa, diwani wa zamani. Anayetuhumiwa awe wa mwisho, na ukifika kwake uwe na nyaraka mkononi na maswali yaliyoandikwa. Mpe siku za kujibu. Si saa moja kabla ya taarifa ya habari, ili baadaye uandike "hakupatikana kwenye simu yake ya kiganjani". Hilo neno tumelichezea mpaka limepoteza heshima. Wakati mwingine unampigia mara moja, simu haipokelewi, unafurahi.

Ofisi ya wilaya nayo ina majibu yake yanayojulikana. Mhandisi: "Mimi siyo msemaji." Msemaji: "Niko kikaoni." Mkurugenzi: "Andika barua." Basi andika barua. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa ofisa siku 30 za kukujibu. Kenya yao ya mwaka huohuo inatoa siku 21, na saa 48 pale suala linapogusa uhai au uhuru wa mtu. Siku 30 ni nyingi kwa anayelipwa kwa kila stori, lakini kwa anayepanga kazi ya miezi mitatu ni sehemu ya ratiba. Ndiyo maana barua inapelekwa wiki ya kwanza, na unahakikisha nakala yako imegongwa mhuri wa masjala. Waandishi wetu hawana mazoea ya barua. Wana mazoea ya meseji ya WhatsApp yenye tiki mbili za buluu, ambazo kwenye meza ya Baraza la Habari hazitakusaidia sana.

Yapo mambo ya teknolojia, nayagusa kwa haraka. Google Earth ina picha za miaka ya nyuma. Ukivuta kile kitelezi unaona mwezi ambao eneo lilikuwa bado shamba la mahindi, ingawa kwa vijijini picha zinaweza kupishana miaka. Kampuni unaitafuta Brela, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, unalipia upekuzi, unapata wakurugenzi na wanahisa. Tarehe ya kusajiliwa isome kabla ya kitu kingine chochote. Kampuni iliyozaliwa mwezi mmoja kabla ya zabuni inastahili swali.

Hili la kampuni ni ya nani na imewahi kufanya nini si geni kwetu. Mwaka 2006, nchi ikiwa gizani kwa ukame, kampuni ya Richmond ilipewa mkataba wa kuleta umeme wa dharura wa megawati 100. Swali lililokuja kuiangusha lilikuwa la kitoto kabisa: hawa wamewahi kuzalisha umeme wapi? Magazeti yaliuliza, yakauliza tena, mpaka Bunge likaunda kamati teule chini ya Dk Harrison Mwakyembe, na Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu pamoja na mawaziri wawili. Miezi hiyohiyo ndipo ukaguzi wa EPA, akaunti ya madeni ya nje iliyokuwa Benki Kuu, ulipotoka: Sh133 bilioni zimelipwa na Benki Kuu kwa kampuni 22 katika mwaka wa fedha 2005/06. Rudi nyuma zaidi, mwaka 1993, umkute Stan Katabalo wa gazeti la Mfanyakazi akifukua jinsi kitalu cha uwindaji cha Loliondo kilivyogawiwa kwa mkubwa mmoja kutoka Falme za Kiarabu. Hakukuwa na warsha, hakukuwa na kompyuta, na Brela yenyewe ilikuwa haijaundwa. Kulikuwa na mwandishi mkaidi na gazeti lililokubali kuendelea na stori ileile wiki baada ya wiki.

Hapo kwenye gazeti lililokubali kuendelea ndipo mafunzo mengi yanapofia. Mwandishi anatoka hotelini Morogoro au Bagamoyo akiwa na moto. Jumatatu anaingia chumba cha habari, mhariri anamuuliza, "Leo una nini?" Jumanne, "Leo una nini?" Jumatano anapelekwa kwenye uzinduzi wa zahanati. Kama ni wa kujitegemea, na wengi wa mikoani ndivyo walivyo, malipo ya stori moja hayafikii hata nauli ya kwenda kijijini na kurudi. Kule kwenye uzinduzi kuna gari, chakula na bahasha. Halafu tunakutana kwenye makongamano kuwasema waandishi wanaopokea bahasha, tukiwa tumetoka kusaini karatasi ya posho. Redio ya jamii nayo inategemea matangazo ya halmashauri ileile unayoambiwa uichunguze. Mwenye redio si mwoga kwa tabia, anahesabu bili ya umeme.

Ninapotaka mhariri akae darasani watu wanadhani natafuta heshima. Namtaka kwa sababu yeye ndiye atakayeulizwa "stori hii imetoka wapi?" na mwenye chombo, na lazima awe ameshaiona ile sentensi, ameshaona daftari la kaunta, ameshakubali kwamba mwandishi huyu kwa wiki kadhaa hataleta habari ya kila siku. Mfuko wa Vyombo vya Habari Tanzania, TMF, ulipoanza 2008, ulikwenda karibu na njia hii: mwandishi anapewa ruzuku ya kuifanyia stori yake mwenyewe, na anaambatana na mlezi mzoefu. Baadhi ya kazi nzuri kutoka vijijini katika miaka iliyofuata zilipita hapo. Wafadhili wengine wanapenda idadi, waandishi 60 wamefunzwa, nusu wanawake, mikoa minane. Ripoti inapendeza. Ukiuliza stori ngapi zilitoka, unaonyeshwa picha za washiriki wakiwa kwenye vikundi na karatasi za manila.

Kuna somo ambalo nalifundisha bila kufurahia. Septemba 2, 2012 Daudi Mwangosi wa Channel Ten, mwenyekiti wa klabu ya waandishi Iringa, aliuawa na polisi kijiji cha Nyololo, Mufindi, akiwa kazini mchana kweupe. Novemba 21, 2017 Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea aliyeandikia Mwananchi habari za mauaji ya Kibiti, alichukuliwa na watu, na mpaka leo familia yake haijui alipo. Wote wawili walikuwa waandishi wa mikoani. Wakufunzi wengi tunatoka Dar, tunafundisha ujasiri kwa siku tatu, tunapanda basi. Anayebaki pale, ambaye mkuu wa polisi wa wilaya anamjua kwa jina na mtoto wake anasoma shule gani, ni yule tuliyemfundisha. Kwa hiyo kabla ya mstari wa CAG kuguswa, kila mmoja anaandika nani atapigiwa simu asiporudi jioni, wakili ni nani, na mhariri atafanya nini saa ya kwanza. Asiyekuwa na majibu hayo namwambia achague mstari mwingine, hata kama ule wa kwanza ulikuwa mtamu.

Vyanzo navyo vinahitaji ukweli huohuo. Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole, na tangu Januari 2020 zisizosajiliwa hivyo zilianza kuzimwa. Kila simu unayompigia karani wa masjala ina jina lako upande mmoja na lake upande wa pili. Nenda kwa miguu, kunywa naye chai. Na usimwahidi kinga usiyoweza kumpa. Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015 imeandikwa kwa ajili ya anayepeleka taarifa kwa mamlaka husika, na mwandishi si mamlaka husika. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 pia isome mwenyewe, usisimuliwe. Mahakama ya Afrika Mashariki pale Arusha ilisema Machi 2019 kwamba vifungu vyake kadhaa vinakiuka Mkataba wa Jumuiya, na marekebisho yalikuja 2023, lakini nakutana na wahariri wanaonukuu vifungu vya zamani kama sababu ya kutofanya kitu.

Kazi ya mwisho kabla ya kurusha inawachosha wote. Unachapa stori, unaipa kila sentensi namba, na kwenye karatasi nyingine unaandika kila namba imetoka wapi: ukurasa wa ripoti, dakika ya sauti, picha namba ngapi, daftari la nani. Sentensi isiyo na namba inatoka, hata kama ndiyo nzuri kuliko zote. Dada wa bati alipoteza aya mbili hapo, moja ikiwa ile aliyoipenda, iliyomtaja mtu kwa cheo. Alikuwa na maneno ya mtu mmoja tu, na huyo mmoja alikuwa na ugomvi wa shamba na mtajwa.

Stori yake ilirushwa Ijumaa asubuhi, na ikarudiwa Jumapili jioni watu wakiwa nyumbani. Majibu ya halmashauri yalikuja siku tatu baada ya muda aliowapa, yakikiri kwamba bati zilibadilishwa "kutokana na kupanda kwa bei", bila kusema nani aliidhinisha. Kwenye baraza la madiwani mmoja alisimama na kuuliza kama shule nyingine za kata zimepimwa, akaambiwa swali lake lije kwa maandishi. Mwenyekiti wa kamati ya mapokezi hakuchaguliwa tena, na mtendaji hapokei simu za redioni. Mwandishi mwenyewe ameondolewa kwenye orodha ya ziara za mkuu wa wilaya, jambo ambalo kwa mfuko wake si dogo.

Mhariri wake, aliyekaa darasani siku zote akilalamika kwamba anakosa kazi, ndiye aliyesaini barua ya pili ya kuomba stakabadhi za manunuzi ya shule zote zilizojengwa katika awamu ile. Imegongwa mhuri masjala. Siku 30 bado hazijaisha, na wakati wanasubiri, vijana wengine wawili wa redio ileile wameanza kupita kwenye maduka ya vifaa mjini wakikusanya bei za bati za mwaka ule, duka kwa duka, pamoja na nakala za risiti.